Hodi Harar

Mtoto wa pwani hufundishwa hodi kabla ya kufundishwa alifu, na akiisha kulijua neno hilo huenda nalo kila aendako kama aendavyo na jina lake. Kwa hiyo sikudhani, asubuhi ile niliposimama chini ya lango la Asmaddin Bari, upande wa magharibi wa mji wa Harar, mkoba begani na vumbi la safari bado likiwa nyusini, kwamba ningehitaji kufundishwa tena katika umri niliofikia. Lango halikuwa na bawabu. Nje yake bajaji zilisongamana zikigombea abiria, wauza viungo na mitumba walikuwa wametandaza bidhaa zao hata kwenye miguu ya wapita njia, punda watatu waliobeba kuni walipita bila kuulizwa na mtu, nami nikapita nyuma ya punda. Nusu saa haikwisha nilikuwa nimepotea, na saa moja haikwisha nilikuwa nimekwisha kukaripiwa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimetokea katika kichochoro chembamba ambacho ukuta wake mmoja umepakwa rangi ya kijani na wa pili rangi ya waridi, na mwisho wake aliketi bibi mmoja juu ya kizingiti, akichambua nafaka katika ungo, shela yake ya rangi ya machungwa ikiwa imemshuka begani. Sura yote ile ilikuwa nzuri mno, nami nikainua kamera bila kutamka hata salamu. Hakupiga kelele. Aliinua kiganja chake akakiweka mbele ya uso kama mtu akingaye jua, akasema maneno matatu manne ambayo sikuyafahamu, kisha akamalizia kwa moja nililolifahamu barabara, kwa kuwa Waarabu wametuazima sisi sote: aibu. Lilitoka kinywani mwake fupi kuliko tulitamkavyo sisi, lakini uzito wake ulikuwa ule ule.

Hadaa ya Harar kwa mtu wa kwetu ni kuwa anajiona yu nyumbani. Anasikia adhana ikijibiwa na adhana. Anapita katika vichochoro ambavyo lau angefumba jicho moja angeapa kuwa yuko Lamu, au nyuma ya Malindi katika Mji Mkongwe wa Unguja. Anaona watu wanasali kwa madhehebu yake mwenyewe ya Imamu Shafi. Hata saa zao ni saa zetu, maana Ethiopia yote huanza kuihesabu siku tangu macheo, si tangu usiku wa manane. Mwongozi wangu aliponiagiza nimkute saa mbili, nilimkuta saa mbili ya asubuhi tukaenda zetu, ilhali Mzungu mmoja tuliyelala naye nyumba moja, aliyepewa ahadi kama hiyo na kijana mwingine, alijitokeza saa nane mchana akiwa amekasirika na kumtuhumu mwenziwe uvivu. Katika mambo kama haya Mswahili hujisikia mshindi bila ya kutoka jasho. Lakini jioni huingia, baridi ya mahali palipo juu ya bahari kwa mita 1,885 humpenya mifupani, hana shuka wala koti, naye ndipo hukumbuka kwamba hapa hakuna bahari wala upepo wa kusi, na kwamba watu hawa ni wa milimani ambao wana desturi zao, nao hawakumwalika.

Harar iko zaidi ya kilomita 500 mashariki ya Addis Ababa, na msafiri wa leo aghalabu huruka kwa ndege hadi Dire Dawa, kisha hupanda gari dogo la abiria lipandalo mlima kiasi cha kilomita 55. Dire Dawa yenyewe ni mtoto wa reli. Njia ya garimoshi kutoka Djibouti ilikusudiwa kufika Harar, mji ambao ndio uliokuwa soko kuu la upande ule, lakini milima ilikuwa mirefu na fedha zilikuwa chache, na mwaka 1902 reli ikasimama bondeni, pakazuka mji mpya ambao mwanzo uliitwa Harar Mpya. Tangu siku ile biashara ikaanza kuteremka kama maji. Sisemi kwamba hilo lilikuwa hasara tupu. Miji mingapi tumeiona ambayo reli na barabara kuu ziliipitia katikati ya kifua, isibaki nyumba ya kale hata moja? Njiani utapita Awaday, mahali ambapo miraa huuzwa kwa marobota, na wenye magari hukimbiza mizigo yao kwa mwendo wa kutisha kwa sababu jani likilala halina bei. Mwenye moyo mwepesi na asiangalie barabarani.

Ukuta wa Harar huitwa Jugol, na jina hilo limeenea hata likawa la mji wote ulio ndani yake. Hekaya na historia husema kwa sauti moja kwamba aliyeujenga ni Amiri Nur bin Mujahid, katikati ya karne ya 16, baada ya vita vile vikubwa ambavyo Imamu Ahmad bin Ibrahim, ambaye Wahabeshi humwita Gragn, yaani wa mkono wa kushoto, alivipigana na wafalme wa Kikristo wa nyanda za juu mpaka akauawa mwaka 1543. Mjane wa Imamu, Bati Del Wambara, aliolewa na Nur, na husimuliwa kwamba sharti lake lilikuwa kisasi. Kisasi kikapatikana mwaka 1559, Mfalme Galawdewos alipouawa vitani. Lakini ushindi huo haukuleta raha, kwa kuwa nchi ilikuwa imechoka, njaa ilikuwa imeingia, na Waoromo walikuwa wanapanuka kutoka kusini kwa nguvu ambayo si Waislamu wala Wakristo waliweza kuizuia. Basi ukuta huu haukujengwa na mtu aliyejiona mkubwa. Ulijengwa na watu waliokuwa na hofu, nao ukiutazama utaona: mawe na udongo, kimo cha mita nne hivi, mzunguko wa kilomita tatu na nusu, kiasi ambacho mtu asiye na haraka anaweza kuuzunguka wote kati ya sala ya alasiri na ya magharibi. Aliyezoea kuitazama Ngome ya Mombasa, yenye kuta nene za Wareno, atauona mdogo. Mimi niliupenda kwa udogo wake, kwani ukuta wa Wareno unamwambia mpitaji kwamba waliomo ndani wanataka kumpiga, na huu unamwambia tu kwamba waliomo ndani wamelala.

Malango ya kale ni matano, nayo yanatazama njia kuu tano za biashara: Asum Bari, Argob Bari, Suqutat Bari, Badri Bari, na Asmaddin Bari nililoingilia mimi. La sita lilifunguliwa baadaye, nalo ndilo lipitishalo magari. Zamani za maamiri malango yalifungwa jua likichwa na funguo zikapelekwa kwa Amiri mwenyewe, akalala nazo, na mtu aliyekuwa nje hata awe na hoja gani alingoja alfajiri. Ndani ya mzingo huo, katika eneo la hekta 48 tu, mna misikiti 82, mitatu ikisemwa kuwa ya karne ya 10, na makaburi ya mawalii na mahali pa ziara 102. Mengine ni makubwa, kama lile la Amiri Nur lenye kuba la kijani. Mengine ni mti mmoja wa kale na ukuta mfupi ulioshika kivuli chake. Kwa wingi huu wa mahali pa ibada watu husema, na vitabu vya watalii vimelikariri neno hilo hata limekuwa kama aya, kwamba Harar ni mji mtakatifu wa nne katika Uislamu. Sina haja ya kugombana na wenyeji juu ya fakhari yao, ila madrasa tuliyosoma sisi ilitufundisha misikiti mitatu ambayo mtu hufunga safari kwa ajili yake, ya Makka, Madina na Baitul Muqaddas, na cheo cha nne nimeona kinadaiwa na miji mingine pia. Harar haikihitaji. Inatosha kuwa mji ambao, ukisimama popote ndani yake wakati wa adhana, hujui uelekeze sikio wapi.

Walioingia mji huu bila ya hodi ni wengi, na wa kwanza katika simulizi za Wazungu ni mtu ambaye sisi wa pwani tunamjua kwa safari nyingine. Richard Burton, afisa wa jeshi la Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, alikuwa amekwisha kwenda Makka mwaka 1853 kwa kujigeuza Mwislamu, na mwaka uliofuata akaondoka Zeila kwa kanzu na kilemba cha mfanyabiashara, akikusudia kuuona mji ambao ulisemekana kuwa siku Mkristo atakapoingia humo ndiyo siku ya kuanguka kwake. Alipokaribia alitambua kuwa sura yake ingempa taabu zaidi kuliko faida, maana weupe wake ulikuwa ukifanya watu wamdhanie Mturuki, na Mturuki wakati ule hakupendwa. Basi akavua hila ile akavaa nyingine, akaandika kwa mkono wake mwenyewe barua iliyojifanya imetoka kwa mkuu wa Kiingereza aliyekuwako Aden, akaingia tarehe 3 Januari 1855 kama mjumbe. Amiri Ahmad alimpokea. Alikaa siku kumi katika hali iliyokuwa nusu ugeni na nusu kifungo, kisha akaruhusiwa kwenda zake, na mwaka 1856 akatoa kitabu chake. Mwaka huo huo alishuka Unguja, na mwanzoni mwa mwaka 1858 yeye na John Speke walisimama ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Nimemsoma Burton kwa miaka mingi, na ujuzi wake wa lugha ni jambo la kustaajabisha. Ila nilipokuwa nikitembea katika vichochoro vile nilijiuliza kama mtu aliyeingia nyumba kwa barua ya uwongo anaweza kweli kusema kwamba ameiona.

Baada yake walikuja wenye mizinga. Mwaka 1875 Wamisri waliuteka mji wakamwua Amiri, wakakaa miaka kumi. Walipoondoka Amiri Abdullahi akarudisha dola ya wenyeji, lakini kwa muda mfupi, kwani Januari 1887 jeshi lake lilivunjwa huko Chelenqo na Menelik, aliyekuwa bado mfalme wa Shoa, ambaye baadaye akawa mfalme wa wafalme. Katika uwanja wa Feres Magala, yaani soko la farasi, alijenga kanisa la Medhane Alem pale ulipokuwa msikiti, nalo lipo mpaka leo. Na utawala wa mji akampa Ras Makonnen, ambaye mwanawe, Tafari, aliyezaliwa karibu na Harar mwaka 1892, ndiye aliyekuja kuitwa Haile Selassie. Kati ya misukosuko hiyo ndimo alimoishi pia Arthur Rimbaud, mshairi wa Kifaransa, ambaye alifika mwisho wa mwaka 1880 kuuza kahawa na ngozi, akiwa amekwisha kuuacha ushairi kana kwamba ni ugonjwa wa ujana. Watalii wa Ulaya huja mahsusi kuitazama nyumba iitwayo yake, jengo zuri la mbao lililojengwa na mfanyabiashara wa Kihindi, lenye vioo vya rangi, ijapokuwa wajuzi wengi hawakubali kwamba aliishi humo. Niliipanda kwa ajili ya roshani yake. Kwa juu unaona mabati ya Harar yakishikana mpaka ukutani, na nje ya ukuta mashamba ya kahawa na miraa, na mbali zaidi rangi ya samawati ya milima. Kuhusu Rimbaud, nikaona anastahili kuachwa apumzike.

Sasa niseme juu ya nyumba, kwa sababu Harar yenyewe iko nyumbani, na mwenye kutembea barabarani huona migongo yake tu. Vichochoro havina madirisha ya kuchungulia. Mna ukuta, kisha ukuta, kisha mlango wa mbao ulio katika ukuta, na ukifunguliwa mlango huo ndipo unapoona ua, na katika ua nyumba moja au tatu za jamaa, na katika kila nyumba chumba kikuu. Nyumba yao huitwa gar. Nilipata ya kulala kwa aila moja ipokeayo wageni, na siku ya kwanza mama mwenye nyumba aliniacha nivue viatu, akaniashiria nipande, akaenda zake jikoni. Nami nikapanda nikaketi palipo juu zaidi, kwenye zulia jekundu lililokuwa na mito mizuri, mkabala na mlango, nikanyosha miguu. Mwongozi akanivuta kanzu. Pale nilipoketi, akaninong'oneza, ni amir nadaba.

Nadaba ni baraza. Chumba kikuu cha Harar hakina viti, bali kina mabaraza matano ya udongo yaliyopanda ngazi kwa ngazi, kila moja na jina lake na mwenyewe, miongoni mwao: lile la mwenye nyumba, lililowekwa mahali ambapo anamwona kila aingiaye kabla huyo aingiaye hajamwona yeye, gidir nadaba, baraza kubwa, la wageni na jamaa, tit nadaba, dogo, na sutri nadaba, lililojificha kidogo, ambalo jina lake nililitambua mara moja, maana ni sitara yetu hasa. Mtu akiketi, ameshajulikana ni nani. Sheha hahitaji kutangazwa wala mtoto hahitaji kufukuzwa. Kwa hiyo hodi ya Harar haiishii mlangoni. Ukiisha kuitikiwa na kuingia, bado unayo nyingine ya kupiga, ya kimya, kwa macho, kabla hujaweka makalio yako chini. Nilishuka kwa haraka nikaketi kwenye gidir nadaba, na mama aliporudi na sinia alinikuta mahali pangu, akanitazama, akamtazama kijana, akacheka.

Sakafu na mabaraza yale hupakwa udongo mwekundu, na wenyeji husema kuwa wekundu huo ni ukumbusho wa damu ya waliokufa Chelenqo. Juu ya ukuta, tangu usawa wa bega hata chini ya dari, hapana mahali patupu: bakuli za mbao zilizopakwa weusi, sahani za rangi, na vikapu vya ukili wa nyasi vilivyosukwa kwa nakshi za mraba na nyota, ambavyo binti wa Kiharari alitarajiwa kuvisuka kabla ya kuolewa. Mna na zidaka ukutani, kama zile zidaka za nyumba za waungwana wa Pate na Lamu. Ndani yake vimewekwa vitabu na vyombo vya thamani. Pembeni mna chumba kidogo kiitwacho kirtat, ambamo maarusi walikaa siku za fungate, na chakula wakapitishiwa kwa kidirisha. Juu ya mlango niliona mazulia yaliyokunjwa yakiwekwa juu ya mti, na kijana akanifahamisha kwamba zamani hiyo ilikuwa habari kwa wapita njia, ya kuwa humu ndani mna binti aliyefikia kuposwa. Sisi tuliwatuma mashangazi. Wao walituma zulia.

Kinywaji nilicholetewa katika sinia hakikuwa kahawa. Nchi yote ile hulima kahawa, na buni za Harar zina sifa duniani, lakini Waharari wana desturi ya kuchemsha majani makavu ya mbuni, nacho huitwa qutti, kikanywewa na chumvi au na maziwa. Ladha yake iko kati ya chai na moshi. Funda la kwanza nililimeza kwa adabu, la tatu nililitaka mwenyewe.

Juu ya masoko sitakaa sana, kwani soko husifiwa na kila msafiri. Inatosha kusema kwamba mtaa wa Makina Girgir umepata jina lake kwa mlio wa cherehani za mafundi walioketi pande zote mbili za njia, na kwamba ukipita na kitambaa utashonewa kabla hujamaliza kupatana bei. Na kwamba katika Gidir Magala, soko kubwa, mwewe hukaa juu ya paa la wauza nyama wakiwa wamejipanga kama mashahidi wa harusi, na mtu aliyenunua nusu ratili akaishika vibaya hurudi nyumbani mikono mitupu. Nilimwona mmoja akiporwa. Mbawa zilimpiga kofia ikaanguka, na muuzaji akamkatia pande jingine dogo bila ya kuulizwa, kwa namna ya mtu aliyezoea kulipa ushuru huo. Afadhali mwenye muda mchache aende kwenye makumbusho ya Sherif, katika nyumba ya kale ya Ras Tafari, ambapo mtu mmoja wa mji, Abdullahi Sherif, amekusanya kwa bidii yake mwenyewe misahafu na vitabu vya mkono, sarafu ambazo maamiri walizipiga hapa hapa mjini, mavazi na silaha. Harar ilikuwa mji wa kunakili na kujalidi vitabu, na majalada yale ya ngozi yenye muhuri wa ua katikati, ukiyaona, utatamani kuyagusa, usiguse.

Wenyewe hujiita Ge usu, watu wa mji, na lugha yao huiita Ge sinan, lugha ya mji, kwa tamko lile lile la mtu wa Lamu au Mombasa asemapo mjini bila ya kuona haja ya kutaja mji gani. Ni lugha ya ukoo wa Kisemiti, jamaa ya Kiamhari, iliyoandikwa zamani kwa herufi za Kiarabu, na wenye kuisema ni wachache, wakizungukwa pande zote na Waoromo na Wasomali. Uchache huo umewafunza kushikana. Kila mtu ni wa afocha fulani, chama cha kuozana na kuzikana, ambacho humtoza fedha na muda wake na kumzuia asife peke yake. Baada ya fadhaa za mwaka 1948, na zaidi baada ya mapinduzi ya mwaka 1974 yaliyowapokonya mashamba, wengi walihama, na leo wako kwa wingi hata Toronto. Lakini hurudi katika mwezi wa Shawwal, watu wakiisha kufunga sita zao, kwa ajili ya Shuwalid, usiku wa zikiri na ngoma za matwari, sherehe ambayo mwaka 2023 iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika, kama mji wenyewe ulivyoandikwa mwaka 2006. Atakaye kwenda na achague wakati huo, ila atafute mahali pa kulala mapema, aulize habari za njia kabla ya kuondoka, na avae nguo za kumsitiri.

Limebaki la fisi. Kwetu fisi ana jina baya. Ni mlafi, ni mwoga, na vijijini ni kipando cha wachawi. Harar wamepatana naye. Katika ukuta, chini, mna matundu yaitwayo waraba nudul, yaani matundu ya fisi, ambayo waraba huyapitia usiku wakaingia mjini kula mifupa na makombo, na wenyeji hushikilia kwamba hula na majini pia, jambo ambalo halina ushahidi wala halina hasara. Siku ya Ashura hupelekewa uji mzito wa samli, na watu hutazama jinsi watakavyoupokea ili kujua mwaka utakuwaje. Kuwalisha nyama mbele ya wageni, nje ya ukuta, ni kazi iliyoanza katika karne iliyopita. Nilikwenda kuitazama, nikaona mtu ameketi chini gizani akiwaita wanyama kwa majina yao, nao wakija mmoja mmoja, mabega juu na nyonga chini, wakichukua pande la nyama kutoka kwenye kijiti alichokishika kwa meno. Taa za gari ziliwaka, watalii walipiga picha, kila mmoja akalipa. Sikuchukia, lakini niliondoka mapema.

Tulirudi kwa miguu, mimi na kijana, tukaingia kwa lango lililo karibu. Mji ulikuwa umenyamaza. Katikati ya kichochoro alisimama ghafula, akanivuta mkono akanibandika kwenye mlango wa nyumba ya watu, juu ya kizingiti.

"Tumpishe, bwana," alisema. "Hii ni njia yake."

Alikuja kutoka chini ya mteremko, si kwa haraka, kichwa kimeinama kama mtu aliyetoka kazini. Nilisikia kucha zake juu ya mawe kabla ya kumwona. Alipotufikia, hatua mbili kutoka magotini mwangu, aliinua pua mara moja, akatuhesabu, akaendelea. Na kule mwisho, palipokuwa na tundu lisilozidi karai la kufulia, alijikunja akapita, mkia ukawa wa mwisho. Harufu yake ilibaki kitambo kidogo katika hewa ya baridi, kisha ikazidiwa na harufu ya buni zilizokuwa zikikaangwa ndani ya nyumba mojawapo, nyuma ya kuta zile, sikujua ipi.